Hana Dini, Basi Hana Haya?

Nilipokuwa natafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam, mwenye nyumba alikuwa na maswali mawili kabla hajataja kodi. "Una mke?" Halafu: "Unasali wapi?" Kazi yangu hakuiuliza. Kwake anayesali, iwe msikitini au kanisani, atalipa kwa wakati na hataleta fujo usiku. Simlaumu, maana wengi wetu tunawaza hivyohivyo. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wa nchi 34 mwaka 2019 kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe na maadili mema. Kenya, asilimia 95 walisema ni lazima. Sweden, asilimia 9.

Mimi nimelelewa katika dini na bado nimo. Lakini kuna mambo tunayasema kuhusu wasio na dini ambayo hayasimami, na mengine hata vitabu vyetu wenyewe havikubaliani nayo.

Dhana: Bila dini binadamu angeishi kama mnyama

Anayesema hivi hajasikia habari za Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Ni watu 1,000 na ushei, na baadhi yao bado wanategemea kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyeishi nao kwa vipindi vingi, alieleza kwamba wana simulizi zao za asili ya dunia na wana ngoma ya epeme, inayochezwa gizani usiku usio na mwezi. Makuhani hawana, nyumba ya ibada hawana, wala hawana mungu anayekaa na daftari kuandika nani kaiba na nani kadanganya. Hata habari za maisha baada ya kifo hazikuwa na uzito kwao.

Sasa tazama nyama inavyogawanywa. Mtu akiangusha mnyama mkubwa, kambi nzima inakula, pamoja na wa nyumba ambayo mwindaji wake hajapata kitu siku nyingi. Chifu wa kuwaamuru hayupo. Kuna macho ya watu na midomo ya watu, na ugomvi ukizidi wanafungasha na kuhamia kambi nyingine. Si malaika: asali nyingi huliwa hukohuko porini kabla haijafika kambini, na sehemu fulani za nyama ni za wanaume wa epeme peke yao. Lakini hawakungoja amri kumi ili wajue kwamba kula peke yako mwenzio ana njaa ni vibaya.

Hata lugha yetu ina ushahidi wake. Dini, imani, dhambi na haki tumeyapokea kutoka Kiarabu. Utu, wema na kuiba ni maneno ya Kibantu, yalikuwapo kabla ya msikiti wa kale wa Kizimkazi, Zanzibar, na kabla ya wamisionari wa Rabai, pwani ya Kenya. Bibi akisema "yule si mtu", hamaanishi kwamba hasali. Anamaanisha hajui kukaa na watu. (Najua utaniambia "Mungu" nalo ni la Kibantu. Ndiyo, wahenga hawakuwa wakanamungu, na sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba kipimo cha mtu kilikuwa watu wenzake.)

Dhana: Dini zinafundisha kwamba asiyeamini hana wema

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojikwaa wenyewe.

Mwaka 622 Mtume Muhammad na Abubakar walipotoka Makka kwa siri, Makureshi, kabila la Makka lililompinga, waliweka zawadi ya ngamia 100 kwa atakayewakamata. Aliyewaongoza njia kwenda Madina alikuwa Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo bado alikuwa katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao, wakaagana wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Fikiria alichokuwa nacho kichwani: anajua walipojificha, anajua zawadi ni kiasi gani, na haamini wanachokiamini. Siku ya tatu alifika na ngamia.

Kuna pia Hilful-Fudhul, mapatano ya Makka kabla ya utume, yaliyofanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an ili kumtetea kila aliyedhulumiwa. Miaka mingi baadaye Mtume aliyasifu, akasema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwa jambo kama lile angeitika.

Upande wa Biblia, Paulo anawaandikia Warumi, sura ya 2, kuhusu mataifa wasio na sheria ambao kwa asili yao hutenda mambo ya sheria, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Na katika Luka 10, waliompita yule majeruhi barabarani walikuwa kuhani na Mlawi. Aliyesimama ni Msamaria, ambaye Wayahudi walimwona amepotoka.

Utanipinga: hao wote walikuwa na miungu au Mungu wao, hakuna aliyekana kila kitu. Sawa. Lakini kama wema ungekuja tu pamoja na imani sahihi, bin Urayqit angewauza. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe hawakulimaliza suala hili kirahisi. Kundi la wanazuoni wa Mu'tazila lilishikilia kwamba akili inaweza kutambua jema na baya hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu; kundi la Ash'ari likasema jema ni lile Mungu aliloliamuru. Huo ulikuwa mjadala wa watu wa dini wenyewe.

Dhana: Mshika dini hawezi kutenda unyama

Rwanda, 1994. Nchi ya Wakristo karibu yote, Wakatoliki ndio wengi. Watutsi walikimbilia makanisani kwa sababu katika machafuko ya nyuma kanisa liliwakinga. Safari hii wakauawa humohumo: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Nyange, kanisa liliangushwa kwa tingatinga, watu wapatao 1,500 wakiwa ndani. Padri wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha.

Kule Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, Mhutu aliyejitoa kulitumikia Kanisa hilohilo, alikuwa ameficha watu. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumnusuru. Alikataa kuwaacha wageni wake, akauawa pamoja nao. Ubatizo mmoja, misa moja. Sijui kama yupo anayeweza kuniambia dini ndiyo iliyomtofautisha Seromba na Felicitas.

Dhana: Basi wasio na dini ndio wema kuliko sisi

Nayo ni porojo. Mwaka 2015 ulisambaa utafiti uliodai watoto wa familia za dini ni wachoyo kuliko wenzao, na watu waliushangilia sana mitandaoni. Mwaka 2019 uliondolewa baada ya kosa kugundulika katika hesabu zake. Albania chini ya Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti, ilifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967. Magereza hayakufungwa.

Dhana: Asiyemwogopa Mungu haaminiki

Tai Solarin, mwalimu wa Nigeria, hakuwa na dini na hakuficha. Mwaka 1956 alianzisha shule ya Mayflower huko Ikenne, shule isiyo na ibada, na wazazi waumini wakampelekea watoto wao. Serikali ya kijeshi ya miaka ya 1980 ilimfunga kwa kuikosoa. Wengi waliosali kila siku walikaa kimya.

Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu zaidi ya 750,000 walisema hawana dini. Huenda mmoja wao anamfundisha mwanao hesabu, na mwingine ndiye anayekupimia damu hospitali.

Sheria ililiona hili zamani. Mahakamani, Kenya na Tanzania, asiyetaka kuapa kwa Msahafu au Biblia huruhusiwa kuthibitisha tu kwamba atasema kweli, na ushahidi wake unapokewa kama wa mwingine yeyote. Akidanganya, adhabu ni kifungo cha hadi miaka 7. Aliyeshika Msahafu akadanganya, naye ni hadi miaka 7.