Leza haioni ndani ya ukuta: dhana potofu kuhusu kupima kampasi kwa skana

Lubumbashi ni mji wa migodi, kwa hiyo wapimaji si wageni kwetu. Mashimo ya shaba yanapimwa kwa leza ili ijulikane ni udongo kiasi gani umechimbwa. Lakini taja kupima chuo kizima namna hiyo na kukiweka kwenye kompyuta, tuseme kampasi ya Kasapa ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na majengo, mitaro na miti yake, utasikia mengi.

"Leza inaona hata ndani ya ukuta"

Haioni. Skana, yaani mashine inayopima kwa leza, inatuma mwanga, mwanga unagonga kitu na kurudi, mashine inapima muda wa safari hiyo na kuugeuza kuwa umbali. Muda wenyewe ni mdogo mno: nanosekunde 1 ya kwenda na kurudi ni umbali wa sentimita 15 hivi. Mahali ambapo mwanga haukufika, hakuna kipimo. Bomba lililofukiwa, nyaya chini ya lipu, msingi wa jengo, vyote havimo. Mabomba hutafutwa kwa rada ya ardhini; kwa majengo ya zamani, mimi ningeanza na fundi mzee anayejua yanapita wapi. Hata vioo vinadanganya: vinarusha mwanga pembeni, na kwenye modeli, yaani umbo la kampasi ndani ya kompyuta, unakuta chumba ambacho hakikujengwa na mtu.

"Unaisimamisha katikati ya uwanja, inazunguka, kazi imekwisha"

Hii ndiyo inayovuruga bajeti. Kuzunguka ni dakika chache tu, na nukta zinazokusanywa, kila moja ikiwa mahali mwanga ulipogonga, ni mamilioni. Ila nyuma ya kila mti, kila gari na kila kichuguu panabaki doa tupu. Basi mashine inahamishwa, tena na tena, na kila kituo lazima kione sehemu ya kile kilichoonwa na kituo kilichotangulia, la sivyo vipande haviungani.

Ukishaunganisha, bado huna modeli. Una wingu la nukta, na kompyuta haijui nukta ipi ni mlango na ipi ni mwembe. Mtu anakaa anachora ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha. Kazi ya ofisini mara nyingi inachukua siku nyingi kuliko ya uwanjani, na faili za gigabaiti mamia hazivumilii umeme wa kukatikakatika.

Halafu kuna vichuguu vyetu. Programu nyingi hutenganisha ardhi na vitu vilivyo juu yake kwa kuangalia mteremko: kinachoinuka ghafla huhesabiwa kuwa jengo au mti, kinaondolewa. Kichuguu cha Katanga, ambacho kinaweza kupita mita 5, kinainuka ghafla na bado ni udongo. Programu ikikifyeka, ramani inaonyesha uwanja tambarare. Chimba mtaro kwa kufuata ramani hiyo, mvua za Desemba zitakusahihisha. Hapo anahitajika mpimaji anayekwenda kuangalia kwa macho yake.

"GPS ya simu inatosha"

Modeli lazima iwekwe mahali pake halisi kwenye ramani. Mahali pa wazi, simu hukosea mita 3 hadi 5 hivi, yaani maktaba inaweza kuangukia barabarani. Wapimaji hutumia vipokezi viwili: kimoja kinakaa juu ya nukta inayojulikana na kumtumia mwenzake masahihisho, kosa likashuka hadi sentimita 1 au 2. Mtego uko kwenye urefu wa kwenda juu. Satelaiti hupima kutoka umbo la dunia la kihesabu, si kutoka usawa wa bahari, na tofauti inaweza kuwa mita nyingi. Ukichanganya vipimo hivyo viwili, mfereji wako utapandisha maji mlimani.

"Itapofusha wanafunzi"

Skana nyingi za majengo siku hizi ni za daraja la 1, salama kwa macho katika matumizi ya kawaida.

"Droni itamaliza yote kutoka juu"

Inaona mapaa vizuri, kuta vibaya, na chini ya baraza haioni kabisa. Juu ya miti, picha za kawaida zinaishia kwenye majani. Leza ya droni hupenya kwenye mianya, na ndiyo maana wakati wa kiangazi, miti ya miombo ikiwa imepukutisha, unafaa kuliko Februari. Ruhusa ya kurusha iombwe mapema, kwa maandishi, na askari wa getini wapewe nakala kabla droni haijaonekana angani.