Zombi ni msukule, si zimwi

Wiki hii nimelisikia neno zombi mara tatu. Kwenye matatu, mtangazaji wa redio aliwaita zombi watu wanaotembea Moi Avenue, Nairobi, macho yakiwa kwenye simu. Jirani akaniambia Dracula, yule mnyonya damu, ndiye zombi wa kwanza wa sinema. Halafu mpwa wangu, kidato cha pili, akatangaza mezani kwamba zombi ni "mzuka unaokula ubongo". Wawili wa kwanza niliwanyamazia.

Zombi ni maiti iliyoamshwa kwa uchawi ili imtumikie aliyeiamsha. Haina hiari, haisemi, haidai mshahara. Basi. Habari ya kula watu haimo.

Wengi hudhani neno lenyewe ni la Kiingereza kwa kuwa tulilipata kwenye filamu za Marekani. Kiingereza kililiokota njiani tu. Wanaisimu hulihusisha na Kikongo: nzambi, yaani Mungu, na zumbi, kitu cha uganga chenye nguvu za roho. Nzambi huyo ni ndugu wa Nzambe wa Kilingala, yule anayeitwa kila baada ya ubeti kwenye rumba inayopigwa baa za mtaani kwetu. Watu wa Kongo waliuzwa utumwani wakapelekwa Haiti kulima miwa, na huko neno likageuka sura. Kwa mtumwa, kufa ndiyo likizo pekee aliyoahidiwa. Sasa mwambie kwamba hata akizikwa, kuna mtu anaweza kumwamsha usiku arudi shambani. Hofu ya zombi ni hiyo: si kuumwa na zombi, ni kufanywa zombi.

Marekani iliitawala Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na hadithi hizi zikasafiri na waliorudi. Mwaka 1929 mwandishi William Seabrook alichapisha kitabu cha safari zake huko, na 1932 ikatoka filamu White Zombie. Hapa ndipo kosa la jirani yangu linaposameheka, kwa sababu nyota wake ni Bela Lugosi, aliyekuwa amecheza Dracula mwaka mmoja kabla. Lakini Lugosi ndani yake si zombi. Ni tajiri mwenye kiwanda cha sukari. Mazombi ni wafanyakazi wake.

Niliamua kumwonyesha mpwa wangu badala ya kubishana naye. Tulizima taa za sebuleni, nikaiweka kwenye laptopu. Alianza kwa kucheka: picha inachezacheza, watu wanaongea kama wako jukwaani, hakuna rangi. Kisha tukafika kiwandani. Wanaume wanapita kwa foleni na vikapu vya miwa, wengine wanasukuma gurudumu kubwa la kinu, na hakuna muziki wowote, ni kukwaruza kwa mbao tu, kwaaa, kwaaa, kama mlango usiotiwa mafuta. Mmoja anayumba, anatumbukia kinuni. Hakuna anayegeuka. Kinu hakisimami.

"Anko," akasema polepole, "hawa si mazombi. Hawa wako job."

Ndio hao, nikamwambia.

Mimi nadhani weusi na weupe ndio unaoifanya sehemu ile iishi zaidi ya miaka 90. Kungekuwa na rangi ungeona nguo zilizochakaa, ngozi iliyopakwa vipodozi, labda hata miwa ya bandia. Kwenye kivuli unaona umbo na mwendo tu, na yaliyobaki unayajaza mwenyewe. Umaskini wa filamu ile, iliyopigwa haraka na kwa mandhari za kuazima, umefichwa gizani ukaonekana ufundi.

Walaji wa watu waliingia baadaye, hasa kupitia Night of the Living Dead ya George Romero, mwaka 1968, nayo pia haina rangi. (Damu yake ni sharubati ya chokoleti, bila rangi nani angejua?) Kinachonichekesha ni kwamba ndani ya filamu hiyo neno zombi halitamkwi hata mara moja. Wale wafu wanaitwa ghoul, neno lililotoka kwa Waarabu, ghuli, jitu la jangwani la kwenye ngano. Watazamaji ndio waliowabatiza zombi, na jina likanata.

Kiswahili kingetuokoa na mchafuko huu wote kama tungekiuliza kwanza. Mzuka ni kitu kinachozuka ghafla na kutoweka. Humshiki, na hana meno ya kutafuna ubongo. Anayekula watu ni zimwi, ambalo Wakikuyu wanaliita irimũ na Wakamba eimu, na bibi zetu walilijua kabla ya umeme kufika. Viumbe vya Romero ni mazimwi yaliyovaa maiti. Na zombi hasa, yule wa Haiti, ukivuka tu mpaka wa Namanga kuingia Tanzania utamkuta na jina lake: msukule. Kusini mwa Tanzania wengine husema ndondocha. Anadhaniwa amekufa, anazikwa, kumbe mchawi amemchukua na anamlimisha usiku. Mtu wa Haiti akisimuliwa hivyo hatahitaji mkalimani.

Kwa hiyo mpwa wangu sikumkemea, nilimwambia tu kwamba yule mla ubongo wake ni zimwi na amwachie zimwi jina lake. Jirani nimemwahidi kumwazima filamu. Na yule mtangazaji, nikikutana naye, nitamwambia kwa upole kwamba watu wa Moi Avenue wenye simu wanajiburudisha kwa hiari yao. Kama anatafuta zombi, aende stendi saa kumi na moja alfajiri, awaangalie wanaoelekea Industrial Area kwa miguu.