Kabla ya kulipia shepu, piga hesabu yote

Mgonjwa akiketi kwenye kliniki ya upasuaji rekebishi, ule wa kurekebisha umbo, siku hizi, swali lake la kwanza huwa la bei. Sioni ubaya, hela haziokotwi. Shida ni kwamba bei anayotajiwa ni ya chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, dawa na siku chache za kitanda. Wiki atakazokaa bila kazi hazimo. Nauli za kurudi kliniki hazimo, wala gharama ya kurudia pale matokeo yasipokaa sawa. Mfuko wa bima ya afya wa Tanzania, NHIF, haulipii upasuaji wa urembo, na bima nyingi binafsi hukataa hata kutibu madhara yake. Kwa hiyo mambo yakiharibika, mfuko unaotobolewa ni wako.

Tuanze na faida, maana zipo. Mwanamke mwenye matiti mazito sana utamtambua akivua blauzi: mikanda ya sidiria imechimba mifereji mabegani, na chini ya matiti ngozi imechubuka kwa jasho na fangasi. Shingo inauma, mgongo unauma. Upasuaji wa kupunguza matiti humwondolea mzigo huo, na ni miongoni mwa upasuaji ambao wagonjwa wake huridhika sana. Vivyo hivyo mama ambaye misuli ya tumbo iliachana baada ya kuzaa na ngozi ikabaki inaning'inia. Mazoezi hayawezi kuiondoa ngozi hiyo. Huduma hizi sasa zinapatikana nchini Tanzania, hospitali ya Mloganzila ikiwa mojawapo, na hilo ni jema kwa sababu aliyekushona yupo karibu nyuzi zikiachia.

Kunyonya mafuta ni habari nyingine. Wengi wanaokuja kuuliza wanataka kupungua mwili, na hiyo si kazi yake. Simama mbele ya kioo, legeza tumbo, ulishike kwa kidole gumba na cha shahada. Kinachoingia katikati ya vidole ni mafuta ya chini ya ngozi, nayo ndiyo bomba linaweza kuyafikia. Kitambi kigumu ambacho vidole vinateleza juu yake kiko nyuma ya misuli, kimezunguka utumbo, na hakuna bomba linalokwenda huko. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene waliopunguziwa mafuta kwa njia hii, takriban kilo 10 kila mmoja. Wiki 10 hadi 12 baadaye presha yao ilikuwa ileile, lehemu ileile, na mwili ulivyoitikia insulini haukuwa umebadilika. Umbo lilibadilika, hatari ya kisukari ilibaki palepale. Anayekuuzia kunyonya mafuta kama kinga ya presha na sukari anakudanganya.

Sasa makalio, ambayo ndiyo yanayovuma mitandaoni. Mafuta hunyonywa tumboni na kiunoni, husafishwa, kisha hudungwa nyuma. Chini ya mafuta ya makalio kuna msuli mkubwa, na ndani na chini ya msuli huo kuna vena nene. Ncha ya bomba ikizama kwenye msuli na kuchana vena, mafuta huingia kwenye damu, hupanda moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mtu anaweza kufia mezani, au saa chache baadaye. Mwaka 2018 jopo la vyama vya madaktari wa upasuaji rekebishi lilitoa tahadhari likikadiria kifo 1 kwa kila upasuaji 3,000 hivi, kiwango cha kutisha kwa mtu aliyeingia chumbani akiwa mzima wa afya. Mwaka huohuo chama cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake waache kabisa. Mwaka 2022 kikalegeza, kwa masharti kwamba mafuta yabaki juu ya msuli na daktari aongozwe na ultrasaundi. Huko Florida, Marekani, ambako kliniki zilikuwa zikipanga wagonjwa foleni, mamlaka iliweka kikomo cha upasuaji 3 wa aina hii kwa daktari mmoja kwa siku.

Maswali mawili yanatoka hapo, na ukimuuliza daktari asikuone mjuaji: utatumia ultrasaundi? Na siku hiyo mimi nitakuwa mgonjwa wa ngapi?

Hatari haiko kwenye makalio peke yake. Nairobi, mwishoni mwa 2024, mwanamke alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta, na baraza la madaktari la Kenya likakifunga kituo kilichomhudumia. Utumbo unaweza kutobolewa, ganzi inaweza kuzidi, damu inaweza kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni. Hili la mwisho liwaguse wanaokwenda Istanbul au India kwa bei nafuu kisha wakapanda ndege ya saa nyingi wakiwa bado na vidonda.

Baada ya upasuaji wa makalio hutakalia matako yako kwa wiki 2 hivi. Utalala kifudifudi. Fikiria daladala, fikiria kiti cha ofisini. Utavaa vazi la kubana mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na Dar es Salaam ya Januari, umeme ukikatika, vazi hilo ni adhabu. Kisha sehemu ya mafuta uliyodungwa itakufa na kufyonzwa na mwili, kwa hiyo umbo la wiki ya pili silo utakalobaki nalo. Picha unayoiona mitandaoni huenda ni ya wiki ya pili.

Ngozi yetu ina hesabu yake pia. Watu weusi hupata zaidi keloidi, lile kovu linaloota na kuvuka mipaka ya kidonda. Ukitoboa sikio likaota, au mama yako analo kifuani, mwambie daktari kabla ya kupanga tarehe. Sikoseli (selimundu) nayo iko kwa wingi kwetu. Mwenye ugonjwa huo akiingia nusu kaputi bila maandalizi, baridi, upungufu wa maji na wa hewa vinaweza kumwamshia maumivu makali. Pima kwanza.

Matiti ya silikoni hayadumu maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inasema hadi mwanamke 1 kati ya 5 walioyaweka kwa urembo huhitaji kuyatoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Hiyo ni bili ya pili, na hutajiwi siku unapolipa ya kwanza. Sindano za silikoni ya maji zinazochomwa saluni au gesti, na vidonge vya "kukuza hips", sitavipotezea muda: usivitumie.

Kuna wagonjwa ambao daktari mzuri huwarudisha nyumbani. Mtu anayejitazama kwenye kioo saa nzima kwa kasoro ambayo wengine hawaioni, aliyekwisha fanyiwa mara tatu na bado hapati usingizi, kisu hakitamsaidia. Anahitaji daktari wa afya ya akili. Aliyeletwa na mume anayetaka "abadilike" naye tunaomba kuzungumza naye peke yake.

Jina la daktari liulizie kwenye baraza lililomsajili: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Bara, la Zanzibar kwa Visiwani, KMPDC kwa Kenya. Uliza usajili wake ni wa ubingwa gani, kwa sababu wapo wanaokata bila ubingwa wa upasuaji rekebishi. Uliza pia kama kituo kina daktari wa usingizi anayebaki hadi uamke, na kama kina chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) au watakuhamishia wapi usiku.

Jambo la mwisho ni siri. Wengi hufanyiwa bila ndugu kujua, wakasema wanakwenda safari. Mwambie angalau mtu mmoja, na umwachie jina la kituo. Ukibanwa na pumzi, ukichanganyikiwa, mguu mmoja ukivimba, au homa ikipanda na kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Ukifika dharura, daktari wa zamu atakuuliza umefanyiwa nini. Mwambie kila kitu, hata kama shangazi amesimama pembeni ya kitanda.