Leo mwezi ngapi? Siku moja ya mshipi nje ya Shela

Vijana wakinijia kutaka kufunzwa kuvua mshipi, uzi wa ndoana unaoshikwa mkononi, swali lao la kwanza huwa ni la ndoana: namba ngapi, na chambo gani. Mimi huwauliza, leo mwezi ngapi? Sisemi mwezi wa kalenda ya ukutani, nasema mwezi mwandamo, huu tunaofungia na kufungulia saumu. Asiyejua tarehe yake hajui maji yatajaa saa ngapi, na asiyejua saa za maji anakwenda kumwaga petroli baharini.

Hesabu yenyewe haihitaji simu. Hapa Lamu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Siku hizo za mwezi mchanga na mwezi mpevu ndizo za bamvua, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Maji yote hayo huingia na kutoka kwa saa sita sita, na hapa kwetu yanapita milangoni baina ya visiwa, kwa hiyo mkondo huwa mkali mno. Siku za bamvua ni za wanaokwenda mwambani kutafuta pweza, kwa kuwa maji hukauka mbali. Mvuvi wa mshipi hazimfai. Unashusha chubwi, risasi ya kuuzamisha mshipi, mkondo unaubeba mshipi ukalala kama kamba ya kuanikia nguo, chambo kinaelea mbali na mwamba nawe hujui.

Siku zetu ni za maji mafu, tarehe 7 hadi 10 na tena 21 hadi 24 au karibu na hapo. Tofauti ya kujaa na kupwa hushuka hata chini ya nusu, na mshipi unakwenda chini wima.

Juzi ilikuwa tarehe 9, kaskazi imeshatulia. Tulikuwa watatu kwenye kidau: mimi, ami yangu ambaye amevua tangu kabla sijazaliwa, na mpwa wangu anayejifunza. Baada ya swala ya alfajiri umande, upepo wa nchi kavu, ulikuwa unavuma kutoka bara, mwepesi na wa baridi, tukatweka tanga. Injini tunayo, lakini asubuhi kama ile haina kazi. Tukapita baina ya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, na Ras Kitau iliyo ng'ambo, kisiwani Manda, maji yakianza tu kujaa, bila nguvu.

Mahali pa kuvulia tunapapata kwa alama. Unachukua vitu viwili vya nchi kavu vilivyo mbalimbali, mnara wa msikiti wa Shela na kilele fulani cha mchanga, kwa mfano, unasogea mpaka kimoja kimesimama mbele ya kingine. Kisha unatafuta jozi nyingine upande wa pili. Mistari hiyo miwili inapokatana, mwamba uko chini yako. Jozi zetu ni za ami na sitaziandika hapa. Ila hata ukiwa na alama, thibitisha kwa chubwi: likigonga jiwe mkono unasikia kishindo kikavu, likitua mchangani linazama kimya.

Nanga ndipo wengi wanapoharibu. Usiitupe juu ya mwamba. Itie mchangani, upande mkondo unakotoka, kisha legeza kamba mpaka chombo kisimame pembeni mwa mwamba. Samaki hawashtuki na matumbawe hayavunjiki. Nanga yetu ni ya nondo, yenye meno manne. Kamba tumeifunga chini kabisa, penye meno, halafu tukaibana kichwani kwa uzi mwembamba. Ikinasa, unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inageuka na kutoka kinyumenyume. Kabla ya kujua hilo niliacha nanga nyingi baharini.

Chambo kilikuwa ngisi, vipande virefu kama kidole cha mtoto, ndoana ikipita mara mbili ili kisivuliwe. Namba za ndoana huhesabiwa kinyume, namba ikizidi ndoana inapungua. Mpwa wangu alichukua ndogo akidhani itanasa wengi. Ikanasa vitoto, tukavirudisha, akabadilisha mwenyewe.

Kazi yote ya mshipi iko kwenye ncha ya kidole cha shahada. Mshipi unapita juu yake, umekazwa kidogo tu, na kila kitu cha chini kinakuja hapo. Wale wadogo wala chambo wanachokoachokoa, tik tik tik, usiwajibu. Changu hugonga mara mbili, tatu, kisha anachukua na kwenda zake. Hapo ndipo unavuta, mkono mzima. Tewa, ambaye wengine humwita chewa, hagongi. Mshipi unakuwa mzito ghafla, kama umeshika jiwe, na jiwe linaanza kutembea. Ukichelewa pima mbili za kwanza ameshaingia pangoni na kutanua mapezi, na ukimvuta kwa hasira utakata. Legeza. Mpwa wangu alipopatwa na hilo, ami alimshika mkono, akamwambia, "Ngoya, atatoka mwenyewe." Ikapita muda wa kuvuta sigara nzima. Mshipi ukasogea kidogo, wakavuta pamoja, akaja.

Alikuwa mkubwa, tumbo limevimba kwa hewa kama kawaida ya samaki wa kina wanaoinuliwa haraka. Hapa nina neno. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakikua sana ndipo hugeuka madume. Mwamba ukiwamaliza wakubwa wote unabaki bila madume. Ndiyo maana tukipata mmoja mkubwa mahali, siku hiyo tunahama pale. Si sheria ya mtu, ni yetu.

Mnamo saa nne u nusu maji yalisimama. Kwa muda mfupi hivi, kabla hayajaanza kupwa, walikula mfululizo, changu juu ya changu. Ukitaka kupumzika, pumzika kabla ya hapo.

Saa tano kaskazi ikaanza kuinua mawimbi, tukang'oa nanga. Ami haongezi hata dakika, na sababu yake naijua kwa sababu nilikuwemo. Mwaka mmoja, wakati wa kusi, siku ya bamvua, samaki walikuwa wanakula na nikasema tungoje kidogo. Tulifika mlangoni saa kumi na moja u nusu jioni. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka kwa nguvu za bamvua, na upepo wa kusi unaingia. Maji yakitoka na upepo ukiingia, wimbi husimama kama ukuta, fupi na lenye kuvunja. La pili lilitujaza nusu chombo. Watu wawili walifua maji kwa ndoo na upo, mimi nikishika usukani nikisoma kila niliyojua kusoma. Tungeondoka saa tisa, mkondo wa kujaa ungetuingiza wenyewe na tungekuta mlango umelala.

Juzi tuliingia bila shida. Kupwa kwa maji mafu hakuna ubavu, na upepo ulikuwa wa ubavuni. Samaki walikuwa kwenye barafu, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, chini ya gunia lililoloweshwa. Samaki aliyekaa juani tangu asubuhi shavu lake hupauka, na mnunuzi hutazama shavu kwanza.

Leo tutatoka tena, tukichelewa kidogo kuliko juzi kwa kufuata maji. Ikifika tarehe 12 mkondo utaanza kuvuta, nami nitakunja mshipi na kukaa pwani kutia kalafati kidau, yaani kuziba nyufa zake, kinavuja karibu na tezi.