Vichujio vya ukanda mwembamba katika upigaji picha za nebula

Kichujio cha ukanda mwembamba ni kioo kilichopakwa tabaka nyingi nyembamba mno, ambacho huwekwa mbele ya kihisi cha kamera ili kipitishe kipande kidogo tu cha mwanga, kwa kawaida chenye upana wa nanomita 3 hadi 12. Kwa kuwa jicho la binadamu huona mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700, kichujio cha nanomita 3 huacha nje karibu asilimia 99 ya mwanga huo. Kwa chombo hiki, mtu aliyesimamisha darubini uani kwake, katikati ya mji wenye taa nyingi, anaweza kupata picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, ambayo macho yake hayaioni kabisa.

Hilo linawezekana kwa sababu nebula nyingi hazitoi mwanga wa kila rangi. Nyota changa zenye joto kali hutoa miale ya urujuanimno inayong'oa elektroni kutoka kwenye atomi za gesi inayozizunguka. Elektroni zinapokamatwa tena na haidrojeni na kushuka ngazi za nishati, hutoa mwanga wenye urefu maalumu wa wimbi, na maarufu zaidi ni ule mwekundu wa nanomita 656.3 uitwao haidrojeni-alfa. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa kijani kinachoelekea samawati, hasa katika nanomita 500.7, na salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa wekundu wa nanomita 671.6 na 673.1. Mwanaastronomia William Huggins wa Uingereza aliona mistari ya mwanga ya namna hii mwaka 1864 katika nebula iliyo kwenye kundinyota la Tinini. Mstari wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, hivyo ikadhaniwa kuwa ipo elementi mpya, nayo ikaitwa nebuliamu, hadi mwanafizikia Ira Bowen wa Marekani alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ilikuwa oksijeni tu, ndani ya gesi iliyotawanyika mno.

Mwanga wa mjini una tabia tofauti. Taa za zamani za sodiamu zilijikusanya zaidi karibu na nanomita 589, na vichujio vya kawaida viliweza kuzikata. Taa za LED zimetapakaa katika rangi zote, na kwa maoni yangu ndizo zilizovifanya vichujio hivyo vya zamani kuwa karibu bure. Kichujio cha ukanda mwembamba hakijali sana aina ya taa, kwani kinapokea sehemu ndogo tu ya mwanga wake, huku kikiupokea karibu wote wa mstari wa nebula.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mng'ao wa mji usiondolewe baadaye kwa kompyuta. Wastani wake huondolewa kweli, lakini fotoni, yaani chembe za mwanga, hufika bila mpangilio, na mtikisiko wa idadi yake ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Tuseme pikseli moja imepokea fotoni 10,000 za mji na 50 za nebula: mtikisiko ni takriban 100, na zile 50 zimezama humo. Kichujio kikizipunguza fotoni za mji hadi 100, mtikisiko wote unakuwa kama 12, na nebula inajitokeza. Kichujio, basi, hakiongezi mwanga wowote wa nebula. Kinaondoa kelele, yaani mtikisiko huo, ambayo hakuna programu inayoweza kuifuta. Gharama yake ni muda, kwa maana kila picha huhitaji dakika kadhaa na picha nyingi hurundikwa pamoja hadi zifikie saa nyingi.

Mbinu hii haina msaada kwa galaksi, wala kwa vumbi la samawati linaloizunguka Kilimia, kwa kuwa hizo hung'aa kwa mwanga wa nyota, wenye rangi zote kama wa taa. Kwa shabaha hizo bado inafaa kusafiri kwenda kwenye giza. Mbalamwezi, kwa upande mwingine, huisumbua haidrojeni kidogo tu, ila oksijeni huathirika zaidi.

Kamera isiyo na rangi ndiyo inayofaidika zaidi, maana katika kamera ya rangi ni pikseli moja kati ya nne inayopokea wekundu, na kamera nyingi za kawaida zina kioo cha ndani kinachozuia sehemu kubwa ya haidrojeni-alfa. Wenye kamera za rangi hutumia vichujio vinavyopitisha kanda mbili kwa pamoja, haidrojeni na oksijeni. Wenye kamera zisizo na rangi hupiga kila elementi peke yake, kisha huipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni samawati, kama ilivyofanywa katika picha ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995 inayoonyesha nguzo za gesi ndani ya nebula M16. Rangi hizo si za asili, na kwa kuwa haidrojeni huwa na nguvu kuliko nyingine, picha hutoka kijani kitupu mpaka salfa na oksijeni zikuzwe kwa makusudi.