Betri Mpya Haitibu Altaneta Mbovu: Pima Kabla ya Kununua

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, madereva wengi huja kwenye ukaguzi na lalamiko moja: "Nimenunua betri mpya juzi tu, gari haliwaki, nimeuziwa feki." Feki zipo, hatukatai. Lakini nyingi ya betri hizo ukizichaji nje ya gari zinarudi vizuri. Kwenye gari zilikuwa hazichajiwi.

Injini ikishawaka, umeme wa taa, feni na redio hutoka kwenye altaneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini kwa mkanda), nayo ndiyo inayoirudishia betri kilichotumika kupiga selfu. Altaneta ikifa, gari linakwenda kwa akiba ya betri, kisha usiku kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, linazima bila hata taa za hazadi. Hapo ndipo jambo linapotuhusu sisi wa usalama barabarani.

Pima kwa multimita (kipimo cha umeme) asubuhi, kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imeisha. Washa injini: zinatakiwa zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa na AC. Zikishuka chini ya 13, angalia kwanza mkanda uliolegea, vichwa vya betri vyenye ukungu, waya wa hasi unaoshika bodi na fyuzi kubwa, ndipo uishuku altaneta. Zikivuka 15, regyuleta, yaani kidhibiti volti cha altaneta, haifanyi kazi yake. Betri itachemka, ivimbe na kunuka yai viza. Magari ambayo altaneta yake inaongozwa na kompyuta hupandisha na kushusha volti kwa makusudi, hayo yapelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Na kama vipimo injini ikiwaka viko sawa ila kila asubuhi betri imelala? Huenda kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa, mara nyingi alamu au redio iliyoungwa kienyeji.

Sasa, tafadhali sana, acheni kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma eti "kuona kama inachaji". Tumelisema hili mara nyingi. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka na zinaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake si ya betri moja. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi nayo haimaanishi betri ni mbovu. Inakuambia uchajishaji umekatika, basi usizime injini hadi ufike kwa fundi.

Gari likizima barabarani, weka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, na usilisukumie kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi. Hilo ni kosa jingine. Kosa lina faini. Ukiandikiwa, hakikisha unapewa namba ya malipo, ulipie benki au kwa simu, usimkabidhi askari fedha taslimu, na tunza risiti. Kusema "betri imekufa ghafla" hakufuti kosa la kuendesha usiku bila taa.

Betri chakavu ni taka hatarishi. Ina madini ya risasi na asidi, hivyo usiipasue wala kuimwaga mtaroni. Irudishe dukani unaponunua mpya, au mpe mkusanyaji mwenye kibali, ikiwa wima na vifuniko vyake vimefungwa.