Uzi mnene usio mzito: maana ya kusokota sufu kwa kuiachia hewa

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapoingia Nairobi, wanunuzi wengi wa sweta hupima joto la vazi kwa kuliinua mkononi: likiwa zito, huamini kwamba litawakinga vyema. Kipimo hicho hupotosha. Sufu haizalishi joto kama jiko. Kazi yake kubwa ni kuituliza hewa iliyo karibu na mwili, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kwa hiyo msokotaji anapozungumzia uzi mnene wa kufumia, hamaanishi uzi ulioshindiliwa sufu nyingi, bali uzi ambao ndani yake sufu kidogo imepangwa kwa namna inayoacha nafasi nyingi za hewa.

Nafasi hizo huanzia mgongoni mwa kondoo. Unywele wa sufu una vipindo vidogo vidogo mithili ya mawimbi, navyo ndivyo vinavyozuia nywele zisilaliane kabisa. Kondoo wa aina ya Merino, Corriedale na Hampshire Down, ambao hufugwa katika nyanda za juu za Kenya, wana sufu ya namna hiyo. Ile ya Hampshire Down si nyororo kama ya Merino, lakini ukiifumbata kiganjani kisha ukaiachia, hututumka tena mara moja. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, pamoja na uhodari wake wa kustahimili ukame na minyoo, ana singa zisizofaa kwa kazi hii.

Baada ya sufu kuoshwa, njia mbili kuu za usokotaji huachana. Katika njia ya kwanza, sufu huchanwa kwa chanuo lenye meno marefu hadi nywele fupi zitoke na zile ndefu zilale sambamba. Uzi wake huwa imara, wenye kuteleza na ulioshikamana, kama ule wa kitambaa cha suti. Katika njia ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu, sufu huchambuliwa kati ya mbao mbili zenye meno mafupi ya waya. Nywele hubaki zimepishana huku na huku, kisha huviringishwa kama chapati inavyoviringishwa mkononi, ukapatikana mviringo mwepesi ambao tayari umeshika hewa.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika kuuvuta mviringo huo, na kwa maoni yangu hapa ndipo wanaojifunza hukosea kwa sababu ya bidii nyingi. Wanaubana uzi kwa vidole kila hatua, wakidhani wanausawazisha, kumbe wanaikamua hewa yote. Msokotaji mzoefu huushika mviringo kwa mkono mmoja bila kuukaza, akaurudisha nyuma polepole huku msokoto ukiingia wenyewe. Msokoto hukimbilia kwanza sehemu nyembamba na kuzikaza, hivyo sehemu hizo huacha kurefuka. Sehemu nene, ambazo bado zimelegea, huendelea kuvutika mpaka zilingane na nyingine. Uzi hujisawazisha pasipo kubanwa.

Msokoto nao uwe wa kadiri: ukizidi, uzi hukakamaa kama kamba, ukipungua mno, hukatika. Nyuzi mbili au tatu zikishapatikana, huunganishwa kwa kusokotwa kuelekea upande wa kinyume, jambo linalopunguza sehemu ya msokoto wa awali na kuziruhusu nywele zifumuke. Nyuzi tatu hutoa uzi wa mviringo zaidi kuliko mbili, na mishono ya sweta hujaa vizuri. Mwisho, uzi huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, hukamuliwa bila kusuguliwa, kisha huanikwa bila kufungiwa kitu kizito. Ukinyooshwa kwa uzito wakati umelowa, vipindo hunyooka na unene hupungua.

Anayenunua uzi uliokwisha kusokotwa anaweza kuupima kwa njia rahisi. Achukue madonge mawili ya sufu yenye uzito sawa, tuseme gramu 100 kila moja, ambayo nyuzi zake zinaonekana kuwa na unene uleule, kisha alinganishe urefu ulioandikwa kwenye lebo. Lile lenye mita nyingi zaidi ndilo lenye hewa zaidi, na litafuma eneo kubwa zaidi kwa uzito huohuo.

Uzi wa namna hii una udhaifu wake. Kwa kuwa nywele zake hazikubanwa, hutoa vidonge vya manyoya haraka panaposuguliwa, hasa viwikoni na chini ya kwapa. Kwa kofia, shali na kiwiliwili cha sweta, mimi ningeuchagua bila kusita. Kwa soksi, zinazosuguana na kiatu mchana kutwa, ni afadhali ule wa sufu iliyochanwa na kusokotwa kwa kukazwa.